Kujiajiri kwa Macho ya Mwanafunzi wa Chuo

Kila msimu wa mahafali unapokaribia, wanafunzi wa mwaka wa mwisho husomewa hotuba ileile: nafasi za kazi ni chache, wahitimu ni wengi, serikali haiwezi kuajiri kila mtu, kwa hiyo jiajirini. Nimeisikia hotuba hiyo kwa miaka mingi nikiwa nimeketi upande wa walimu, na kila ninapoisikia huwatazama wanafunzi badala ya kumtazama msemaji. Huipokea kwa adabu, hupiga makofi, na kesho yake huendelea kuandika barua za maombi ya kazi. Wanaoiona hali hiyo husema kwamba vijana hawa ni waoga, wamedekezwa, na hawataki kazi yoyote isiyo ya mezani. Naona shutuma hiyo haiwatendei haki, na nimeamua kuandika makala haya kwa sababu namna tunavyousoma mtazamo wa mwanafunzi kuhusu kujiajiri ndiyo inayoamua tutamfundisha nini, na kwa muda mrefu tumekuwa tukiusoma vibaya.

Si kweli kwamba wanafunzi hawataki. Tangu mwaka 2003, Chuo Kikuu cha St. Gallen cha Uswisi kimekuwa kikiratibu utafiti wa kimataifa kuhusu nia za wanafunzi wa vyuo, unaojulikana kwa kifupi kama GUESSS. Katika awamu ya mwaka 2018, iliyohusisha wanafunzi zaidi ya 208,000 wa nchi 54, waliosema kwamba wanataka kuanzisha biashara zao mara tu wahitimupo walikuwa takriban asilimia 9, ilhali waliosema kwamba wanataka wawe na biashara zao miaka mitano baada ya kuhitimu walizidi theluthi moja. Tofauti hiyo inafaa kutazamwa kwa utulivu. Mtu asiyetaka kabisa kujiajiri hana sababu ya kulitaka jambo hilo miaka mitano baadaye. Ninachokisoma katika majibu hayo ni mpango: niajiriwe kwanza, niijue kazi, niweke akiba, nifahamiane na wateja na wauzaji, ndipo nitoke nikasimame mwenyewe.

Mpango huo una akili kuliko hotuba zetu. Mwaka 2020, Pierre Azoulay na wenzake walichapisha uchambuzi wa waanzilishi wa kampuni nchini Marekani, wakakuta kwamba wastani wa umri wa mtu anapoanzisha kampuni inayofikia hatua ya kuajiri ni takriban miaka 42, na kwa zile chache zinazokua kwa kasi kubwa kuliko nyingine zote, yaani moja katika kila 1,000, wastani huo hufika miaka 45. Waligundua pia kwamba aliyewahi kufanya kazi katika sekta ileile ana nafasi kubwa zaidi ya kufanikiwa. Tumezoea kuwaonyesha wanafunzi picha ya kijana aliyeacha chuo akawa tajiri kabla ya kufikisha miaka 25, na vijana wa namna hiyo wapo kweli, lakini ni wachache mno, na kumpima mwanafunzi wa kawaida kwa kipimo chao ni kumwonea. Mwanafunzi anayesema “bado” mara nyingi amekadiria mambo sawasawa.

Waliochunguza nia za watu kwa undani wametupa njia nzuri ya kulifikiria suala hili. Mwanasaikolojia Icek Ajzen, katika makala yake ya mwaka 1991 ambayo watafiti wa ujasiriamali wameitumia mno, alieleza kwamba nia ya kutenda jambo hujengwa na mambo matatu: jinsi mtu anavyolithamini jambo lenyewe, jinsi anavyohisi kwamba watu wake wa karibu watalipokea, na kiasi anachoamini kwamba analiweza. Kabla yake, mwaka 1982, Albert Shapero na Lisa Sokol walikuwa wamekwisha kusema kwamba jambo lazima limvutie mtu na pia alione linawezekana, na kwamba mara nyingi hata hayo hayatoshi mpaka litokee tukio la kumtoa katika njia aliyoizoea, kama vile kupoteza kazi, kuhama au kumaliza masomo. Ukiipima hotuba ya mahafali kwa mizani hiyo, utaona kwamba inahangaika na jambo la kwanza tu. Inamsifia mwanafunzi kitu ambacho tayari anakipenda, kisha inamwacha peke yake na yale mawili mengine, ambayo ndiyo yanayomkwamisha.

Kuhusu watu wa karibu sitasema mengi, kwa kuwa kila aliyesoma anaifahamu hali hii. Mwanafunzi hasomi peke yake. Nyuma yake yuko mzazi aliyejinyima, yuko ndugu aliyesogeza mbele mipango yake ili karo ipatikane, na pengine upo mkopo wa masomo wenye ratiba ya marejesho isiyojali kama mwezi huu umeuza au hukuuza. Anayeajiriwa ana barua ya kuwaonyesha, ana cheo kinachotajika, na ana tarehe ya mshahara. Anayejiajiri hana cha kuonyesha kwa miezi mingi, na hata wanaomtakia heri humwuliza kwa upole kama kuna mahali ameomba kazi. Ni mzigo mzito, na hauondolewi kwa kumwambia kijana asijali maneno ya watu, kwa sababu watu hao ndio waliomfikisha pale alipo, na kuwajali ni wema.

Lipo jambo moja hapa ambalo walimu tunapaswa kulizingatia zaidi. Inajulikana katika nchi nyingi kwamba watoto wa waliojiajiri huelekea kujiajiri wenyewe kuliko watoto wa waajiriwa. Matthew Lindquist, Joeri Sol na Mirjam van Praag walitumia kumbukumbu za watoto wa kuasili nchini Uswidi ili kutenganisha kinachorithiwa kwa damu na kinachopatikana kwa malezi, na katika matokeo yao ya mwaka 2015 mchango wa wazazi walezi ulikuwa mkubwa takriban mara mbili ya ule wa wazazi wa damu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya moyo wa kujitegemea hutokana na kile ambacho mtoto alikiona nyumbani: mteja anavyobembelezwa, deni linavyodaiwa bila kuvunja urafiki, mwezi mbaya unavyovumiliwa. Mwanafunzi aliyelelewa na mwalimu au karani hakuyaona hayo. Si kosa lake, na chuo kingeweza kumwonyesha kama kingetaka.

Hapo ndipo ninapofika kwenye lile jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha mambo yote. Mwanasaikolojia Albert Bandura, tangu maandishi yake ya mwaka 1977, alisisitiza kwamba imani ya mtu kuwa analiweza jambo hujengwa na vitu kadhaa, na kwamba chenye nguvu kuliko vyote ni kuwa amekwisha kulifanya likafaulu, hata kwa kiwango kidogo. Maneno ya kutia moyo nayo husaidia, lakini athari yake ni dhaifu na hupotea upesi mambo yanapokwenda kombo. Vyuo vyetu vimewekeza sana katika maneno.

Namkumbuka mwanafunzi mmoja wa kike ambaye kazi yake ya kozi ya ujasiriamali niliisimamia. Aliniletea mpango wa biashara wa kurasa nyingi, uliofungwa vizuri, kuhusu kampuni ya kusindika mazao ambayo hakuwa amewahi kuikaribia. Jedwali la mauzo lilipanda kila mwezi kwa kiwango kilekile, bila mwezi hata mmoja wa kushuka. Mahali pa kumweleza mteja palikuwa na sentensi moja tu, kwamba wateja walengwa ni watu wote. Nilipomwuliza nani atanunua mzigo wa kwanza, alinyamaza. Baadaye, tukiwa katika mazungumzo mengine kabisa, niligundua kwamba tangu mwaka wa kwanza alikuwa akiwachapia wenzake kazi za muhula na kuzijalidi. Nilimwomba anionyeshe anavyoweka hesabu, akatoa daftari dogo. Lilikuwa na safu za jina, idadi ya kurasa, kiasi kilicholipwa na kiasi kilichobaki. Majina fulani yalikuwa na alama ya msalaba pembeni, na alinieleza kwamba hao hawapewi tena huduma kwa mali kauli. Alikuwa na bei mbili, moja ya siku za kawaida na nyingine ya usiku wa kuamkia tarehe ya kukusanya kazi. Hakuanza kuchapa kazi ya mtu yeyote mpaka nusu ya malipo iwe mkononi, kwa kuwa awali aliwahi kuachiwa kazi iliyokamilika ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua.

Nilimwambia kwamba biashara iliyomo ndani ya daftari lile ina thamani kuliko ile iliyomo ndani ya mpango wake. Akanijibu, “Mwalimu, hii si biashara, ni ya kujikimu tu mpaka nimalize.”

Jibu hilo limebaki nami kwa sababu linaonyesha jinsi tulivyomfundisha kuitazama kazi yake mwenyewe. Mwanauchumi Richard Cantillon, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1755 baada ya yeye kufariki, alimweleza mjasiriamali kuwa ni mtu anayenunua kwa bei anayoijua ili auze kwa bei asiyoijua, na anayeishi katika pengo lililopo kati ya bei hizo mbili. Binti yule alinunua karatasi, wino na majalada kwa bei aliyoijua, akauza kwa watu ambao hakuwa na hakika kama watalipa. Alikuwa amekwisha kuvuka pengo hilo mara nyingi. Hata hivyo, dodoso la chuo lilipomtaka ataje shughuli yake, aliandika kwamba hana kazi, na lilipomwuliza kama ana uwezo wa kuendesha biashara, alichagua jibu la katikati. Uzoefu alikuwa nao tele. Hakuna mtu katika chuo kizima aliyekuwa amemwambia kwamba uzoefu huo unahesabika.

Naamini wapo wengi kama yeye katika kila chuo: anayetengeneza simu za wenzake, anayefundisha hisabati jioni, anayesanifu mabango ya vikundi vya wanafunzi, anayeuza nguo kwa picha za mtandaoni. Tafiti nyingi za mitazamo huwauliza kuhusu ndoto na kuwaacha bila kuwauliza kuhusu daftari. Kwa hiyo mtafiti anapata takwimu ya watu wanaopenda ujasiriamali, nayo huwa kubwa, na takwimu ya watu wanaojiamini, nayo huwa ndogo, bila kuona kwamba baadhi ya hao wasiojiamini wanauza kila siku.

Pamoja na hayo, hofu ya wanafunzi kuhusu kipato ina msingi, na mwalimu anayeificha hofu hiyo anapoteza imani yao. Takwimu za serikali ya Marekani, ambako ufuatiliaji ni wa muda mrefu, zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba takriban biashara moja kati ya tano mpya hufungwa ndani ya mwaka wa kwanza, na karibu nusu huwa zimefungwa kufikia mwaka wa tano. Barton Hamilton, katika utafiti wake wa mwaka 2000 kuhusu nchi hiyohiyo, alikuta kwamba mtu wa kati miongoni mwa waliojiajiri, yaani yule ambaye nusu yao wanamzidi kipato na nusu anawazidi, baada ya miaka kumi, alikuwa akipata pungufu kwa takriban asilimia 35 kuliko ambavyo angepata katika ajira. Kwa upande mwingine, Matthias Benz na Bruno Frey walitumia data za nchi 23 na kuonyesha kwamba waliojiajiri huridhika na kazi zao kuliko walioajiriwa, na chanzo kikubwa cha kuridhika huko ni uhuru wa kujiamulia na kazi yenyewe kuwavutia. Ukiyaweka matokeo hayo pamoja, unapata jambo linalofaa kuambiwa mtu mzima: kuna uwezekano wa kupata fedha pungufu na kuipenda zaidi siku yako ya kazi. Wengine watakubali biashara hiyo, wengine wataikataa, na mwenye mdogo wake wa kumlipia karo ana haki kamili ya kuikataa.

Tukumbuke pia kwamba fani hazilingani. Anayesomea udaktari au sheria analazimika kwanza kufanya kazi chini ya usimamizi ndipo apewe leseni, kwa hiyo swali la kujiajiri siku ya kuhitimu halimhusu. Anayesomea ufundi umeme, ushonaji au uandishi wa programu anaweza kupata mteja hata kabla ya cheti. Kuwakusanya wote katika ukumbi mmoja na kuwapa somo moja ni kupoteza muda wa nusu yao.

Sasa niseme kuhusu ufundishaji wenyewe, kwa kuwa ndio ninaoufanya. Kozi ya kwanza ya ujasiriamali inayotajwa mara nyingi ni ile iliyofundishwa na Myles Mace katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1947, ikahudhuriwa na wanafunzi 188. Tangu hapo kozi hizi zimesambaa duniani kote, na katika vyuo vingi ni za lazima. Je, zinabadilisha mtazamo? Hessel Oosterbeek, Mirjam van Praag na Auke Ijsselstein walichunguza chuo kimoja cha Uholanzi ambacho wanafunzi wa kampasi moja waliendesha kampuni ndogo kwa mwaka wa masomo, ilhali wa kampasi nyingine hawakufanya hivyo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yaliwashangaza wengi: nia ya kuwa mjasiriamali ilishuka kwa wale waliopitia programu, na stadi walizojipima nazo hazikupanda kwa kiasi cha kuonekana. Mwaka huohuo, Georg von Graevenitz na wenzake waliripoti kutoka Munich kwamba kozi ya lazima iliwasaidia wanafunzi kutambua kama kazi hii inawafaa au haiwafai, huku nia kwa jumla ikipungua kidogo.

Wapo wanaoyasoma matokeo hayo kama ushahidi kwamba kozi zimefeli. Mimi nayasoma tofauti kabisa. Ikiwa mwanafunzi ameonja kazi ya kuuza, kudai na kugawana hasara na wenzake, kisha akasema kwa utulivu kwamba haimfai, basi ameokoa miaka yake na akiba ya familia yake. Tatizo lipo pale tunapokipima chuo kwa idadi ya wanafunzi wanaotoka darasani wakiwa na shauku, kwa sababu kipimo hicho humlazimisha mwalimu kuwa mhubiri.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka Tunisia. Katika mwaka wa masomo wa 2009 hadi 2010, wanafunzi wa shahada za vitendo waliruhusiwa kuhitimu kwa kuandika mpango wa biashara badala ya tasnifu, wakipewa mafunzo na washauri, na kwa kuwa walioomba walichaguliwa kwa bahati nasibu, watafiti waliweza kulinganisha waliopata na waliokosa. Patrick Premand na wenzake walikuta kwamba takriban mwaka mmoja baada ya kuhitimu kulikuwa na ongezeko dogo la waliojiajiri, la pointi chache tu za asilimia, na idadi ya waliokuwa na kazi ya aina yoyote haikubadilika. Ufuatiliaji wa miaka minne ulionyesha kwamba hata tofauti hiyo ndogo ilikuwa imefifia. Programu ilikuwa nzuri, wanafunzi walijituma, lakini mpango wa biashara hauleti mtaji, hauleti mteja, wala haupunguzi safari za kufuatilia vibali.

Nchini Togo, mwaka 2017, Francisco Campos na wenzake walionyesha kwamba kinachofundishwa nacho kina uzito wake. Wafanyabiashara wadogo waliofundishwa kuchukua hatua bila kusubiri kuambiwa, kutazama mbele na kuvumilia vikwazo, waliongeza faida kwa takriban asilimia 30, huku mafunzo ya kawaida ya hesabu na masoko yakileta ongezeko la asilimia 11 ambalo kitakwimu halikutofautika na sifuri, yaani huenda lilitokea kwa bahati tu. Hao hawakuwa wanafunzi. Walikuwa watu wenye biashara tayari. Lakini hilo ndilo linalonishawishi kwamba mafunzo hushika mahali penye biashara ya kweli ya kuyashikia, hata ikiwa ni ndogo kama ya kuchapa na kujalidi.

Kwa hiyo ningependa kozi hizi zihamishwe kutoka muhula wa mwisho hadi mwaka wa pili, wakati mwanafunzi akipata hasara bado ana pa kulala na ana muda wa kujaribu tena. Ningependa apewe alama kwa kuuza kitu halisi kwa mtu asiye rafiki yake, na kwa kueleza kwa maandishi kwa nini kiliuzika au hakikuuzika, na biashara iliyokufa ipate alama sawa na iliyopona mradi maelezo yake ni ya kweli. Aliyekwisha kuanza mwenyewe aje na daftari lake, tulisome pamoja, tumwonyeshe faida yake iko wapi na inavujia wapi. Na mwanafunzi akimaliza kozi akasema kwamba anakwenda kutafuta ajira, mwalimu ampe mkono kwa heshima ileile anayompa anayefungua kampuni.

Zaidi ya yote, tuache kuwauliza kuhusu nia zao siku ya mwisho ya kozi tu. Ikiwa wanafunzi wenyewe wanasema kwamba wanalenga miaka mitano baadaye, na kampuni nyingi zenye nguvu huanzishwa na watu wa makamo, basi wahitimu waulizwe baada ya mwaka mmoja, baada ya mitano, na tena baada ya kumi: unafanya nini, nani anakulipa, ulianza na nini, na ni nani aliyekununulia mara ya kwanza. Chuo huwa na namba zao za simu na anwani zao za barua pepe siku wanapokuja kuchukua vyeti. Kinachohitajika ni mtu wa kuwapigia na mahali pa kuandika majibu yao.